Mgongo wa Mtu Ng'ambo ya Bonde

Sogeeni, wajukuu, sogeeni mkekani. Wewe wa mlangoni urudishe huo mlango, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii haipendi kukatizwa. Waliokuwapo waliisimulia kwa sauti ya chini, nami nitaisema walivyoisema wao. Kimya kimeingia? Haya.

Palikuwa na benchi mbele ya duka la kinyozi, mguu wake mmoja umetiliwa tofali, na mbele ya benchi palikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde nyumba ya bati jekundu isiyokaliwa na mtu. Kwenye benchi lile hakuna aliyeitwa jina alilopewa na mama yake. Kinyozi aliitwa Wembe. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kugonga mihuri, na methali zikimdondoka kama maji ya bomba bovu, aliitwa Karani. Mwenye malori aliitwa Shehena. Aliyewauzia wote kahawa ni dada yake Shehena, tumbo moja, naye aliitwa Bi Birika. Fundi umeme aliitwa Waya. Huyo alikuwa mtoto wa dada yao aliyekwisha tangulia mbele ya haki, na Bi Birika alikuwa mama yake mdogo. Nyumba ya bati jekundu ilikuwa ya baba yao hao ndugu, na Shehena alikuwa amepata wanunuzi.

Lakini nyumba ilikuwa na mtoto wa kwanza. Kaka yao mkubwa aliondoka ujanani na watu wa kuchonga barabara, akatuma blanketi mara moja, kisha kimya. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona. Ili nyumba iuzwe, sharti ndugu waliobaki wasimame mbele ya mwenyekiti wa mtaa waseme kwa vinywa vyao: kaka yetu amekufa. Shehena alikuwa tayari kusema. Waya alikuwa tayari kufuata. Bi Birika hakuwa tayari, wala hakuwa na sababu ya kutoa. Kila akijaribu kulisema neno hilo, ulimi ulimlalia kinywani kama gogo.

Wakati wanangoja wanunuzi, wezi wakaanza kung'oa madirisha ya nyumba. Ndipo Shehena akamtuma mpwa wake afunge kamera.

— Sasa, fundi, aliuliza Karani siku hiyo ya kufunga, waya utapita wapi? Utauvusha bonde zima?

— Hakuna waya, mzee wangu. Picha inapita hewani.

— Na wewe ndiye unaitwa Waya.

— Ndiyo maana nimechoka nao.

Wakacheka. Waya akawaeleza: kule kwenye nyumba ameacha kamera, kipande cha sola, betri ndani ya sanduku, na antena nyeupe mfano wa sinia. Hapa juu ya bati la Wembe anafunga antena ya pili. Hizo mbili lazima zitazamane. Likiingia tawi katikati, picha inakatika. Na kwa sababu hiyo alikwisha kata matawi ya mkaratusi. Antena moja ikigeuza shingo, basi tena.

— Kama wachumba, akasema Wembe.

— Kama wachumba. Hii ikiiona ile, na ile inaiona hii.

Maneno hayo Bi Birika hakuyapenda. Akammiminia Karani kikombe.

Waya akapanda juu ya bati kuigeuza antena kidogo kidogo, na Wembe akakaa dukani mbele ya kioo cha runinga, kile alichowawekea wateja, amtajie anachoona.

— Mvua, alipaza sauti. Mvua tupu ya chenga kiooni.

— Sasa je?

— Mvua inapungua.

— Na hapa?

— Naona ukuta. Naona ngazi za mbele. Simama hapo hapo, usipumue.

— Picha nzuri?

— Nzuri kabisa. Naona ngazi na mtu aliyekaa.

Juu ya bati nyayo zikatulia.

— Mtu gani?

— Mzee. Ana koti. Ametupa mgongo.

Waya akakinga macho kwa kiganja akatazama ng'ambo. Nyumba ilikuwa wazi mbele yake na ngazi zinawaka jua.

— Hakuna mtu, akasema.

Basi toka siku hiyo, kila alasiri, kahawa ikifika na mzee naye amekaa. Ukitazama kwa macho, ngazi tupu. Ukitazama kwenye kioo, mgongo. Waya alivuka bonde akaitoa kamera ukutani akaifunga kwenye mlingoti uani, mbele ya nyumba, ili imwone uso. Akarudi. Kamera sasa ikawa inaitazama nyumba kwa mbele, na mzee yumo, amekaa pale pale, ila safari hii ameuelekea mlango. Mgongo ule ule.

Kamera ile ilikuwa na kipaza sauti. Ukibonyeza huku ukasema, kule kunasikika. Wembe alibonyeza akasema, "Mwizi wewe, tumekuona." Mzee hakutikisika. Karani akajaribu kwa adabu, "Shikamoo, babu." Mzee kama jiwe.

Ikafika siku ya kuamkia mauzo. Shehena akaja kijiweni mwenyewe, funguo za lori zinaning'inia kidoleni. Waya hakuwapo, alikuwa amevuka bonde kutafuta ubovu uko wapi. Bi Birika alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkaa unafuka chini ya birika, na kupitia mlangoni anakiona kioo.

— Nimekuja kumwona huyo mgeni wenu, akasema Shehena.

— Si mgeni, akasema Wembe. Ni mwizi mzoefu. Amekaa pale kuwalindia wenzake. Hao ndio wanaojifunza kukaa wasionekane kwa macho.

— Mtu anajifunzaje kutoonekana?

— Kwani wewe unamwona anayekuibia dizeli?

Shehena akazikunja funguo kiganjani.

— Mimi nasema hivi, akaanza Karani, na ninasema kwa sababu wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Inahusu nini hapa, mzee?

— Inahusu kuta. Kuta zinakunywa watu, kama mtungi mpya unavyokunywa maji. Baba yenu amekaa kwenye zile ngazi maisha yake yote, ukuta umemnywa. Sasa Waya amepeleka sola, ukuta umepata joto, unatoa jasho. Hilo jasho ndilo mnaloliona.

— Baba hakuwa na koti, akasema Shehena.

— Basi ukuta umemwazima.

Wembe akaweka mkasi chini. Alikuwa na desturi, wazo la mwenzake likiwa kubwa, lake halina budi kulipita.

— Sikilizeni, akasema polepole. Bonde hili ni kioo. Tunatazama ng'ambo, lakini tunachokiona kiko huku. Yule anayetupa mgongo ni mmoja wetu, ameonwa kwa nyuma. Haya, hapa nani ana koti?

Wote wakageuka. Aliyevaa koti alikuwa Karani peke yake. Karani akajitazama mikono, akalivua koti lile taratibu kama mtu anayevuliwa bandeji, akalikunja mapajani. Wakageukia kioo. Koti la yule mzee lilikuwa bado mgongoni.

— Ahsante, akasema Karani. Akalivaa tena, maana alihisi baridi.

— Mna wazimu, akasema Shehena. Yule yeyote awaye, si kaka. Maana najua mnakozunguka. Kaka amekufa zamani.

— Umemzika wewe? aliuliza Bi Birika, hakunyanyua macho.

— Dada, asiyekuwapo na lake halipo.

— Na aliyekuwapo?

Shehena alifungua kinywa, lakini simu ya Wembe ikalia. Alikuwa Waya. Wembe akailaza juu ya benchi, sauti wazi, wote wasikie.

— Nimefika, ilisema sauti ya Waya. Mnaona nini?

— Tunamwona.

— Yuko wapi?

— Pale pale. Ngazi ya chini.

— Ngazi ziko mbele yangu. Hakuna mtu. Na mimi mnaniona?

— Hatukuoni.

— Nimesimama uani, nawapungia mkono.

— Punga mpaka bega ling'oke, mwanangu, hatukuoni.

Wakasikia upepo kwenye simu, na bati la kule likigongagonga.

— Ngojeni, akasema Waya. Nachomoa betri.

Sanduku likafunguliwa, likalia bawaba.

— Nimechomoa. Taa imezima. Hii kamera sasa ni kopo tu. Mnaona nini?

Bi Birika ndiye aliyejibu.

— Bado amekaa.

Kwenye simu Waya akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

— Basi nimeelewa. Jamani, hiyo si nyumba yetu. Kuna mtu mahali pengine amefunga kamera yake kwa chaneli hii hii, na mashine yetu inadaka picha ya kwake. Ni kama redio inavyoshika stesheni ya mbali. Huyo ni mzee wa watu, amekaa kwao anaota jua. Kosa langu, ilinipasa nibadilishe chaneli toka mwanzo.

— Na ngazi? aliuliza Wembe. Mbona ngazi ni zile zile?

— Ngazi ni ngazi, Wembe. Saruji ni ile ile duniani kote. Wewe ulikuwa unatafuta ngazi, ukaziona.

— Na ulipohamisha kamera, mbona na yeye akageuka?

— Mwenye kamera yake kaihamisha naye. Kwani ni mimi peke yangu fundi?

Lo, jinsi kijiwe kilivyopumua. Karani akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza inahusu nini. Shehena alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati.

— Wamiminie, dada. Wamiminie wote, hata huyo mzee wa watu mwekee chake.

Bi Birika akamimina. Wenzake walifurahi, yeye alihisi kama mwanamke aliyekabidhiwa mtoto, akamzoea, kisha akaambiwa lete, si wako. Alasiri moja, Wembe akifagia nje, yeye alikuwa amebonyeza kile kitufe akasema neno moja peke yake. Hakumwambia mtu. Sasa akaona aibu, kumbe alimwita mzee wa watu.

— Kesho utasema, dada? Shehena aliuliza kwa upole, maana alikuwa anampenda. Mwenyekiti anataka sauti zetu sote.

— Nitasema.

— Utasema amekufa.

— Nimekwambia nitasema, mdogo wangu. Kunywa kahawa.

Kwenye simu Waya akapiga mwayo.

— Jua la huku kali. Ngoja nivute pumzi kidogo kabla sijashuka bonde.

— Umekaa wapi? aliuliza Wembe, kwa kuuliza tu.

— Hapa kwenye ngazi. Hii ya chini ndiyo ina kivuli.

Kwenye kioo, yule mzee akajisogeza.

Si sana. Upana wa kiganja tu, kwa upande mmoja, kama muungwana anayempisha mgeni akae.

Kikombe cha Shehena kikabaki mdomoni. Wembe alitaka kuikata simu, kidole kikamgomea. Bi Birika akainuka kwenye kigoda, akaichukua simu kwenye benchi, akasema kwa sauti ile ya kumwamsha mtoto asishtuke:

— Mwanangu.

— Naam, mama mdogo.

— Inuka.

— Kuna nini?

— Hakuna kitu. Inuka taratibu, uage, uje zako.

— Nimuage nani?

— Aga tu, mwanangu.

Wakamsikia Waya akiinuka. Wakamsikia akisema, kwa sauti ya mtu mwenye haya, "Haya, kwaheri." Kwenye kioo kichwa cha mzee kikainama kidogo, kikarudi. Kisha simu ikawa na vishindo vya miguu inayoteremka mbio.

Walikaa. Mkaa ukapasuka, Karani akaruka, akasema samahani. Hapakuwa na dhana nyingine. Zote zilikuwa zimekwisha semwa, na hakuna iliyotosha.

Ndipo akapita mwanamke muuza mifagio. Mifagio kichwani, vumbi mpaka magotini. Hawakuwahi kumwona, na alionekana ametoka mbali.

— Hodi wenyewe. Kahawa ipo?

— Ipo, mama, akasema Bi Birika. Tua mzigo.

Akautua, akapokea kikombe, akanywa akiwa amesimama kama wanavyokunywa wasafiri. Macho yakamwingia dukani.

— Yule nani?

Wakatazamana. Karani akakohoa.

— Inasemekana, yaani bado haijathibitishwa, ni kaka wa hawa wawili.

— Mbona amewapa mgongo?

— Tumemwita, haitiki, akasema Wembe.

— Mmemwitaje?

— Mwizi. Babu. Mzee.

— Mimi nilimwita kaka, akasema Bi Birika.

Shehena akamgeukia dada yake.

— Lini?

— Alasiri moja. Alitega sikio. Hakugeuka.

Muuza mifagio akamalizia kahawa yake, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba kabla ya kukirudisha.

— Kaka ni wengi, bibi. Hata mimi nina kaka. Huyo jina lake nani?

Wembe akamtazama Karani. Karani akamtazama Shehena. Shehena alikuwa mdogo sana kaka yao alipoondoka. Maishani mwake alimjua kama Kaka Mkubwa, basi. Akamtazama dada yake, na kijiwe kizima kikamtazama.

Bi Birika akaweka mikono mapajani. Alisikia sauti zote za nyumba ile. Alimsikia baba: "Mkubwa, kalete jembe." Alimsikia mama: "Mwamshe mkubwa wako, chakula tayari." Aliwasikia vijana wa barabarani waliomjia siku ya safari, wakimpigia mluzi na kumwita Kiguru, kwa kuifanyia mzaha miguu yake mirefu. Alimsikia marehemu dada yake akilia nyuma ya mlango, "Kaka, kaka." Na alimsikia mama yake tena, siku moja ya utotoni alipothubutu kulitaja jina lenyewe, na mama akamfinya sikio akamwambia mdogo hamtaji mkubwa wake kama anataja mbuzi. Hakulitaja tena. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote.

Akafungua kinywa. Umbo la jina lilikuwapo, alilihisi kwenye midomo, mahali linapoanzia na mahali linapopanda. Lakini ndani yake hamkuwa na kitu.

Kwenye kioo mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Ndivyo akaavyo mtu anayengoja kuitwa.

— Nizime? akanong'ona Wembe.

— Mwache.

Muuza mifagio akaona amewaingilia watu kwenye jambo lao. Akajitwika mzigo, akashukuru, akashika njia. Shehena akanyoosha kikombe chake. Bi Birika akainamisha birika, likatoa mvuke, halafu matone, halafu basi.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa alikuja, na wanunuzi wakaja na viatu vinavyong'aa. Mwenyekiti akauliza: amekufa nani? Shehena akasema, kaka yetu. Mwenyekiti akasema, kaka yenu nani? Wakasimama pale ndugu wawili na mpwa wao, kimya. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, akasema hawezi kumtangaza amekufa mtu asiyetajika. Wanunuzi wakangoja kiungwana, wakatazama saa, wakatazama ng'ambo, wakaondoka.

Haya, na hao wote wamekwenda sasa, kila mmoja kwa siku yake. Malori ya Shehena yalirithiwa na mabinti zake, na moja bado linatembea. Duka alirithi mkwewe Wembe, na benchi, na kioo, ambacho alasiri hukigeuzia ukutani. Methali za Karani walirithi watoto wote wa mtaa, na makosa yake ndani. Antena alirithi Waya, akazishusha, akazifunga zikitazamana uso kwa uso ndani ya gunia. Birika nilirithi mimi. Nyumba ile ilikaa pale bila mwenyewe mpaka bati likaondoka na upepo, zikabaki ngazi.

Na jina lake hakulirithi mtu. Wamezaliwa watoto wengi katika ukoo huu, wa kiume kwa wa kike, na kila mmoja akapewa la babu au la bibi fulani. Lile, hata leo, hakuna tuliyeweza kumpa.